Tulikwenda Kutazama Tu

Katika miaka ile ya hamsini, Wazungu walikuwa wanapita katika milima yetu ya Masisi na gari zao ndogo, wanasimama pahali pasipo na soko wala misioni, wanashuka, wanaweka mikono kiunoni, wanatazama. Hawanunui kitu. Hawaulizi njia. Wanatazama mulima, wanatazama ng'ombe, halafu wanapanda gari na kwenda zao. Sisi tuliokuwa tunapalilia pale kando tulisimama na majembe yetu kuwatazama wao, kwa hiyo kila upande ulikuwa na kazi.

Siku moja mutoto wangu mukubwa, binti wa miaka kama tisa hivi, aliniuliza wale watu wamepoteza nini. Nikamuambia hawakupoteza kitu, wanatembea tu kuona inchi. Akafikiri kidogo. "Na sisi tutaona lini?" Nilitaka kumujibu vibaya, maana alikuwa ameacha kupalilia, lakini neno lake lilinikaa rohoni. Mimi nilizaliwa chini, upande wa Walikale, porini, na watoto wangu watatu walizaliwa huku juu kwenye baridi na maharagi. Hawakuwa wameona daraja ya kamba. Hawakuwa wameona pahali walipozikwa bami, wafalme wetu wa zamani. Walijua ng'ombe, walijua matope, basi. Nikasema moyoni, wataona.

Bwana yangu alipenda kucheka, na alicheka. "Unaenda huko, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nani anaolewa?"

"Hakuna muntu anaolewa. Tunaenda kutazama."

Akageukia shamba lake, ambako maharagi yalikuwa yameanza kukauka, akasema yeye anatazamaka maharagi na inamutosha. Sasa, mimi niko na sauti. Mungu hakunipa urefu, alinipa sauti. Nilimuambia yote niliyofikiri juu yake na maharagi yake, na majirani walisikia, hata wale wasiotaka. Hatukugombana. Kwetu nyumbani hayo yalikuwa mazungumzo. Asubuhi yeye mwenyewe alitufungia mizigo, akamukatia kadogo wetu, mutoto wa mwisho, kijiti cha kutembelea, akasimama njiani anapunga mukono mpaka tukapinda kona.

Lakini muone vile tulivyoonekana. Mama mbele, mukeka juu ya kichwa, chungu ndani ya kitunga. Watoto wake wote nyuma wamevaa nguo za misa. Bwana hayuko, na uso umeelekea kwao alikozaliwa. Mukeka ulikuwa wa kulalia, chungu cha kupikia, na nguo za misa kwa sababu tulikuwa tunaenda kuona vitu vya heshima. Ila katika inchi yetu, mwanamuke akishuka njia namna ile bila kutuma habari mbele, maana yake ni moja tu: ameacha bwana. Hata mutoto anajua. Na mimi nilijua, lakini haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba inanihusu, maana mimi nilijua ninakokwenda.

Pahali pa kwanza palikuwa kule juu, njia inapovuka mugongo wa mulima na kuanza kushuka kuelekea porini. Pale kuna rundo la majani la tangu wakati wa mababu. Kila mupita njia anachuma jani moja, analitupa juu ya rundo, uchovu wake unabaki pale, naye anashuka mwepesi. Niliwaeleza watoto vizuri, kwa sauti ya adabu, vile padiri anavyoeleza sanamu za kanisani. Mukubwa alitupa jani lake. Wa katikati, muvulana asiyependa kitu kidogo, aliingia kichakani akarudi anakokota tawi zima, akasema uchovu wake ni mwingi. Kadogo alilitazama rundo, akanitazama mimi, akapanda juu yake, akalala na kufunga macho. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaacha uchovu.

Tulipokuwa tunamuvuta muguu ili ashuke, alifika mama mumoja na mufuko wa chumvi ndani ya kitunga, naye anashuka upande ule ule. Alitutazama, mukeka, chungu, nguo za misa. Akaweka muzigo chini, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mama."

Nikamuambia asante, kweli mulima huu ni mukali.

"Umebeba batoto boote?"

"Boote. Ningemuachia nani?"

Akatikisa kichwa, na nikaona machozi machoni mwake. Akawapa watoto ndizi zilizoiva, kila mumoja yake, akabeba chumvi yake na kutangulia mbele kwa haraka ambayo sikuielewa kwa muntu mwenye muzigo ule. Nikajiambia kwamba watu wa njia hii wako na roho nzuri sana.

Tulilala katika kijiji cha njiani, ambako mwenye nyumba alining'onezea mara mbili kwamba nisikate tumaini, nikamuambia sikukata. Kesho yake tukafika pahali pa bami. Hakuna jiwe pale wala musalaba. Ni miti tu, kila mwami na wake, iliyopandwa juu ya wafalme mumoja mumoja walivyokufa, na chini yake hakuna anayekata kuni wala kupaza sauti. Mulinzi wake alikuwa muzee mwenye kiko kisichokuwa na moto. Alikuwa mukristo kama sisi, anaimba misa kila siku ya mungu, lakini kazi ile aliirithi kwa baba yake na hakupata wa kumuachia. Alitupa sheria: tutembee nyuma yake, tusinyooshe kidole, tusiseme. Aliposema tusiseme, alinitazama mimi.

Tukaingia. Ah, kimya cha pale. Nilikijua tangu utoto, na nilikuwa nimetembeza watoto njia yote ile ili tu wakisikie. Majani makavu chini ya miguu, mwanga kidogo, baridi nzuri. Nilijaa furaha. Wa katikati akavuta kikwembe nilichojifunga akaninong'oneza sikioni, huku chini bami wanakulaka nini. Nikamufinya. Mukubwa akanong'ona upande wa pili, mbona huyu mufalme mukubwa amepewa muti mudogo. Nikamufinya na yeye. Kadogo hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya muti mukubwa kuliko yote, akashusha kaptula yake, akaanza kukojoa juu ya muzizi wa mwami.

Sauti yangu ilitoka yenyewe. Ndege waliruka kutoka miti yote ya wafalme kwa pamoja. Mukubwa aliziba masikio, kadogo hakuacha alichokuwa anafanya kwa sababu hakuweza kuacha, na muzee akatoa kiko mudomoni.

Nilifikiri atatufukuza. Hakumukasirikia mutoto, alisema bami nao walikuwa na wajukuu. Mimi njo alinivuta kando. "Mama, nimesikia kasirani yako. Kasirani ya namna ile haiwezi kuwa ya mutoto kukojoa tu. Nenda kwenu, kaa, kunywa maji. Kaka zako watatengeneza."

"Muzee, hakuna cha kutengeneza. Sisi tunaenda kutazama tu."

"Ndiyo, mama. Ndiyo, ndiyo," akasema, kwa sauti ambayo watu wanatumia kwa mugonjwa. Hapo njo nilianza kusikia harufu ya jambo.

Pahali pa tatu palikuwa karibu kabisa na kijiji chetu, pale mababu walipokuwa wanayeyusha chuma, mbele ya majembe ya dukani kuja. Unaona udongo mwekundu ulioungua, vipande vya tanuru, na kote kote yale mabaki meusi, mazito, yenye vitundu, ambayo watu wanaita mavi ya chuma. Nilipowaambia watoto jina hilo, safari ilifaulu. Majani, bami, yote yalisahauliwa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walijaza mavi ya chuma kwenye mifuko, kwenye kofia, kwenye gauni la misa la mukubwa aliyelikunja kama kitunga. Wa katikati aliyapanga kwa ukubwa na kueleza ni lipi lilitoka kwa chuma kilichokuwa na afya. Nilitaka kuwaeleza juu ya mifuko ya kupulizia moto na kazi kubwa ya mababu, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza, nikakaa juu ya jiwe nikacheka na mimi.

Tulikuwa katika hali hiyo kaka yangu mukubwa alipotokea. Tangu baba yetu afe, yeye njo alikuwa mukubwa wa nyumba. Mbele ya kunisalimia alichukua mukeka wangu na kuuweka juu ya bega lake.

"Tumesikia," akasema.

"Mumesikia nini?"

"Ule mama wa chumvi ametuambia yote. Usiseme kitu njiani, dada. Utasema nyumbani."

Basi nilisema palepale, na nyumbani pia. Nilisema mbele ya kaka zangu wote na mama yangu aliyekuwa amekwisha kulia na sasa anapika sombe, majani ya muhogo, kama ya matanga. Niliwaambia kwamba bwana yangu hakunifanya kitu, kwamba alinifungia mizigo kwa mikono yake, kwamba mimi na watoto tumekuja kutazama. Kadiri nilivyosema, sauti ilipanda, na kadiri sauti ilivyopanda walitazamana.

"Kutazama nini?" kaka mukubwa akauliza kwa upole.

"Vitu. Hivi." Nikamuonyesha watoto.

Akawatazama watatu wale, wamesimama na nguo za misa zilizojaa mavi ya chuma. Halafu akanitazama mimi, na huruma ilikuwa imemujaa usoni. "Dada yangu," akasema, "amekufanya nini mpaka akili ikafika hapa?"

Sheria ya kwetu haikuwa ndefu. Bibi akirudi kwao, wanamutumia bwana habari. Bwana aje na mbuzi, aseme mbele ya watu kilichotokea. Kosa likiwa la bwana, mbuzi inaliwa na bibi anarudi naye. Asipokuja mbele ya siku ya soko inayofuata, basi amemutupa. Mbuzi za mahari zinarudishwa, bibi anabaki kwa kaka zake, na watoto wanapanda mulima kwenda kwa baba yao, maana watoto ni wake. Habari ilikuwa imekwisha kutumwa, hata kabla ya mimi kufika.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nililala nikafikiri, na kicheko kikaisha. Bwana yangu alijua vizuri sikukimbia. Alitupungia mukono. Muntu akimufikia na kumuambia bibi yako amekuacha, atacheka kama anavyocheka kila kitu, atasema bibi yangu anatazama miti, atarudi kwenye maharagi yake. Na siku ya soko itapita. Kwa sababu ananiamini, hatakuja, na kwa sababu hakuja, watanichukulia watoto. Na akija je? Akija na mbuzi, amekubali kosa asilolifanya. Nilimukasirikia kwa kuja na nilimukasirikia kwa kutokuja, na mwanaume wa watu hakuwa hata pale. Lakini zaidi ya yote niliogopa. Niliogopa sana, sitaficha.

Watoto hawakujua kitu. Nao walikuwa wageni wa kutazama, na nilikuwa nimewaahidi daraja. Niliwapeleka. Daraja yetu ya kamba za porini ilipita juu ya maji ya rangi ya chai, ndefu, inayumba, na watoto wa milimani walishika kamba kwa mikono miwili na kutembea wamefunga macho, jambo ambalo niliwakataza kwa sauti mpaka watu wa ng'ambo wakatoka nje ya nyumba. Kadogo alivuka juu ya mugongo wangu, akitoa amri. Tulivuka, tukarudi, tukavuka tena. Nilikuwa nawaambia, tazameni maji, tazameni ule muti, na mimi macho yangu yalikuwa juu ya njia inayotoka milimani. Kila muntu aliyetokea pale alikuwa na mwendo wa bwana yangu mpaka akaribie.

Alikuja. Siku ya soko ilikuwa kesho yake, na jua lilikuwa bado juu. Alikuwa na matope mpaka magotini na anavuta mbuzi jike, ile nzuri, iliyokuwa na mimba. Watoto walimukimbilia na mavi ya chuma, wakamupa, akayapokea, akasema asante. Mimi hakunitazama. Alisalimia mama yangu, akaingia katika baraza ambako wanaume walikuwa wanamungoja.

Katika mambo ya ndoa, ukoo wetu unaulizaka mutoto kwanza, maana hajajifunza kupamba maneno. Kaka yangu akamuita binti yangu katikati.

"Papa yako anapigaka mama?"

"Hapana, mujomba."

"Anamunyima chakula? Anakunywa kasiksi mpaka analala njiani?"

"Hapana. Papa hafanyake kitu. Mama njo anapigaka kelele."

Kaka yangu akainama karibu naye. "Anapigia nani kelele?"

"Papa. Na kuku. Na padiri, siku moja." Akafikiria vizuri, maana alikuwa mutoto wa haki. "Lakini padiri mara moja tu."

Wa katikati, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kutoka mulangoni, "Na ule mwami aliyekufa."

Wazee waliokuwa na ndizi mudomoni walishindwa kumeza. Na mimi nikamuona kaka yangu anageuka kunitazama, pole pole, na huruma yote ya zile siku imemutoka usoni. Kosa likiwa la bibi, ukoo wake njo unatoa mbuzi, naye anapanda mulima kichwa chini, na kila kijiji cha njiani kinaambiwa. Nilifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoa kitu.

Bwana yangu akasimama. "Bashemeki," akawaambia kaka zangu, "mutoto amesema bya mutoto. Kosa iko yangu. Mama hana kosa. Mbuzi njo hii."

"Ulimukosea nini?"

"Mimi na ye tunajua."

Kaka yangu akakubali, kwa sababu muntu aliyekubali kosa mwenyewe hapigwi maswali. Mbuzi ililiwa. Kasiksi ilikunywewa. Mama yangu aliimba. Watoto walisema katika safari nzima, hiyo ilikuwa siku nzuri kupita zote, na wakalala wameshika mifupa.

Tuliondoka baada ya soko, sisi watano, yeye amebeba mukeka na mimi kitunga. Watoto walitangulia, wanagombania nani abebe mavi ya chuma makubwa. Nilikuwa na furaha kupita kiasi, na nilikuwa nimeingoja nafasi ya kumucheka tangu jana.

"Weye ni muongo kabisa," nikamuambia. "Ulitufungia mizigo. Ulijua vizuri sikukimbia. Umeua mbuzi yenye mimba kwa kosa ambayo haiko."

Akatazama njia mbele yake. Nikafikiri anatafuta kichekesho chake.

"Sikujua," akasema.

"Haukujua nini?"

"Balikuja kuniambia umeniacha. Siku ya kwanza nilibacheka. Ya pili nikakaa shambani nikafikiri. Nikasema, pengine alisema anaenda kutazama ili nisipate haya mbele ya majirani. Nikaanza kutafuta nimemukosea nini." Akahamisha mukeka bega. "Ule mwaka mutoto alizaliwa mufu. Kesho yake nilienda kulima. Nilikuacha na ye kwenye nyumba, mupaka mama yako mukubwa akakuja kumuzika. Sikukuuliza kitu, hata leo. Nikasema, ile peke yake inatosha mbuzi."

Mimi ninayepigia kuku kelele, jambo hilo sikulisema hata siku moja, wala kwake, wala kwa padiri, wala kwa mama yangu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyelibeba. Nilisimama njiani, kitunga mugongoni, nikalia, na watoto wakarudi mbio kuuliza kama mulima ni mukali. Baba yao akawaambia ndiyo, watangulie, tutabafuata. Tukaketi kwenye majani kando ya njia, na kwa mara ya kwanza tukaongea juu ya ule mutoto: kwamba alikuwa wa kike, na kwamba alikuwa na nywele nyingi.